Mtoto Alale Juu ya Maji

Wazazi wengi wa Salamabila wana amri moja ambayo mtoto huisikia kabla hajaweza kuhesabu mpaka kumi: usiyakaribie maji. Amri hiyo ina sababu zake, wala hatuidharau. Katika pande zetu za Kabambare dhahabu ilianza kuchimbwa tangu siku za Wabelgiji, na wachimbaji wa mikono hawajaacha mpaka leo. Wanapohama, shimo hubaki. Mvua ikinyesha, shimo hujaa. Na maji yakishatulia, mtoto apitaye njiani huyaona kama kidimbwi cha kuchezea, kumbe kando zake zimesimama wima kama ukuta na udongo wake unateleza kama sabuni. Tena iko mito. Luama, ambayo humwaga maji yake katika Lualaba, ina mamba, na wakati wa mvua huwa na nguvu ya kubeba miti mizima. Mama asemaye "usiende" anasema kwa upendo.

Lakini, wasomaji wapenzi, tuulizane kwa haki: amri hiyo yaweza kutiiwa? Nani hutumwa kuteka maji asubuhi kabla ya shule? Nani hufuatana na mama kwenda kufua nguo? Nani hubeba mihogo kwenda kuilowesha mtoni, na baada ya siku kadha hurudi kuitoa? Ni mtoto yule yule tuliyemkataza. Basi, kwa kuwa hatuwezi kumtenga na maji, tunaongeza hofu juu ya amri. Tunamsimulia habari za Mambamuntu akaaye kilindini na kuwavuta watu. Tunamwonyesha kaburi la mwenzake. Na matokeo tumeyaona kwa macho yetu: mtoto aliyejazwa hofu hakai mbali na maji, hukaa karibu nayo kama wenzake wote, ila mwili wake umekakamaa. Siku atakapoteleza, ataingia majini vivyo hivyo, amekakamaa kama kuni.

Wazee walisema, mfa maji haachi kutapatapa. Methali hiyo hutumiwa kwa mtu aliyebanwa na shida, ashikaye kila kitu kilicho karibu naye. Sisi tuliozoea kusimama pamoja na watoto katika maji yafikayo kiunoni tumejifunza kuisikia kama ilivyo, neno kwa neno. Kule kutapatapa ndiko kunakomaliza pumzi ya mtu. Tena wengi hudhani kwamba anayezama hupiga kelele. La, mara nyingi yu kimya kabisa, maana kinywa chake kikitoka nje kinatafuta hewa, hakina nafasi ya kuita. Na mikono yake inasukuma maji kwa pembeni, haiwezi kuinuliwa ipungie watu. Walio ukingoni huweza kumtazama wakidhani anacheza.

Sasa tueleze kwa nini twasema kwamba kukakamaa kunaua. Mwili wa mwanadamu, ukilinganishwa na maji, uzito wake ni karibu sawasawa nayo. Mapafu yakijaa hewa, watu walio wengi huelea, ingawa sehemu ionekanayo juu ni ndogo tu: uso, na labda kifua. Hewa ikitoka yote, wengi hushuka polepole. Katika maji ya chumvi ya baharini kazi hiyo ni nyepesi zaidi. Katika maji matamu ya mito yetu nafasi tuliyopewa na Muumba ni nyembamba, nayo yatosha, kama haitapotezwa. Hupotezwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuinua kichwa. Kichwa ni kizito, na kikitolewa nje hakibebwi tena na maji, ndipo kiuno na miguu hushuka. Ya pili ni kupumua juu juu na kwa haraka, kama mbwa aliyekimbia, hata mapafu yasipate kujaa. Mtoto mwenye hofu hufanya yote mawili kwa mara moja, bila kufundishwa na mtu.

Ndiyo sababu wakati wa likizo kubwa, mwezi wa Julai na Agosti, kiangazi kikiwa kimepunguza maji, tunapowakusanya watoto pamoja na walimu wenzetu na vijana wa parokia, siku za kwanza hatufundishi kupiga mikono wala miguu. Twaketi. Twaketi mchangani, maji yakitufikia kifuani, na kuzungumza habari za nyumbani kana kwamba tumeketi barazani. Baadaye kila mtoto hupuliza juu ya maji, taratibu, kama apulizavyo uji wa moto. Kisha hutia midomo ndani na kupuliza tena, na mapovu yatokapo watoto hucheka. Kisha tunawaambia wavume wimbo wa kanisani, midomo imefungwa, pua ikiwa majini. Siri ya zoezi hilo ni nyepesi: avumaye wimbo hawezi kuzuia pumzi. Ukimwambia mtoto "toa pumzi", ataizuia kwa nguvu zaidi. Ukimwambia aimbe, inatoka yenyewe.

Hapo twafika kwenye neno lililotutaabisha sana. Utamwambiaje mtoto aulegeze mwili? Katika lugha yetu neno hilo halina sifa njema. Mlegevu ni mvivu, mkono mlegevu hauwezi jembe, na shuleni sisi wenyewe twapaza sauti mistarini, "Simameni wima!" Mwaka mzima tumewazoeza kukaza miguu na shingo mbele ya bendera, kisha mwezi wa Julai twawaamuru walegee! Tena amri yenyewe hujiharibu. Mwalimu akisema "legea!" kwa sauti ya mwalimu, mtoto mtiifu hujikaza ili atii vizuri.

Baada ya kujaribu maneno mengi, tuliazima mfano kwa akina mama. Kila mama ajua kwamba mtoto aliyelala mgongoni huwa mzito kuliko aliye macho, ingawa ni mtoto yule yule na kitenge ni kile kile. Aliye macho hushika, hujivuta, husaidia. Aliyelala humwachia mama uzito wote. Basi twamwambia mwanafunzi wetu: uwe mzito kama mtoto aliyelala mgongoni, na maji ndiyo mama. Anashangaa kuambiwa awe mzito ili aelee, lakini mwili wake umeelewa upesi kuliko akili, kwa kuwa hakuna mtoto wa pande zetu asiyewahi kubebwa hivyo.

Mkono mmoja wa mwalimu huwa chini ya kisogo, wa pili chini ya kiuno. Masikio ya mtoto sharti yaingie majini, na hapo ndipo wengi hukataa, kwa maana dunia inanyamaza ghafula na anasikia pumzi yake mwenyewe. Twamngoja. Macho yatazame juu, si vidole vya miguu. Atazamaye vidole vyake huinua kichwa, nasi tumeshasema kichwa hufanya nini. Halafu twakagua mwili wake kama fundi akaguavyo mtumbwi. Ngumi zimefumbwa? Zifumbuliwe. Meno yamekazwa? Ayaachie. Vidole vya miguu vimekunjwa? Mara nyingi hofu iliyofukuzwa usoni hukimbilia huko.

Tukiona shingo imekuwa nzito mkononi, twaanza kuondoa vidole vyetu, kimoja kimoja, tukimwambia kila mara: sasa ni vitatu, sasa ni viwili, sasa ni kimoja. Kamwe hatuondoi mkono kwa kumdanganya. Tumewaona watu wazima wakisema "nimekushika, nimekushika," huku wameshaachia, kisha wakifurahi kwamba mtoto aelea bila kujua. Mtoto akigundua, ameelea mara moja tu, na neno la yule mkubwa halina thamani tena kwake, majini wala nchi kavu.

Muda twaupima kwa Salamu Maria moja, inayosemwa kwa sauti na wenzake waliosimama ukingoni. Hatuna saa isiyoharibiwa na maji, na sala hiyo yatosha. Taabu ni kwamba rafiki zake humwonea huruma na kuisema mbiombio, hata tumelazimika kuwarudisha mwanzo zaidi ya mara moja. Mtoto aelea kwa Salamu Maria moja leo, tatu kesho, na siku atakayofikisha kumi ndipo twaanza habari ya miguu. Wako waliofikisha kumi katika juma moja. Yuko kijana mwingine, mchezaji hodari wa mpira, mwenye mapaja kama chuma, aliyechukua likizo mbili. Wembamba wenye misuli huona taabu kweli, kwa sababu miguu yao hushuka. Watoto wanene, ambao wenzao huwacheka uwanjani, huelea kama maboga. Haidhuru kitu wakipata siku moja ya kushinda.

Jambo hili halikuvumbuliwa leo wala Salamabila. Katika karne ya 18 Benjamin Franklin, Mmarekani yule aliyechunguza umeme wa radi, alimwandikia mtu mmoja aliyetaka kujifunza kuogelea lakini akaogopa. Alimshauri aingie mpaka maji yamfike kifuani, ageuke kutazama nchi kavu, atupe yai majini kati yake na ukingo, kisha azame kulifuata macho yakiwa wazi. Alijua litakalotokea: mtu yule angeona kwamba maji yanamsukuma juu, na kwamba kufika chini kuna kazi kuliko alivyodhani. Nasi twafanya vile vile kwa jiwe jeupe, maana mayai ya Salamabila yana bei. Mtoto anayerudi juu mara tatu bila jiwe, amekasirika kwa kuwa maji yanamkatalia kuzama, hahitaji hotuba yetu.

Kuna njia nyingine ya zamani, nayo bado ina watetezi: kumtupa mtoto majini ili ajifunze mwenyewe. Baba mmoja alitutetea njia hiyo kwa bidii, akisema yeye alitupwa na kaka zake, na leo ni muogeleaji. Ni kweli, tumemwona, anaogelea. Ila huogelea kichwa kikiwa juu, shingo imesimama kama ya bata, na akivuka mahali pafupi hutoka akihema. Miaka thelathini hivi imepita, na shingo yake bado haijasahau siku ile. Nao waliotupwa wasitoke, hao hawapo kututolea ushuhuda.

Wasomaji wa Injili watakumbuka Petro, Mathayo sura ya 14. Alitembea vema mpaka alipouona upepo; akaogopa, akaanza kuzama. Makatekista huieleza sehemu hiyo kwa upande wa imani, na ndivyo ipasavyo. Lakini Petro huyo huyo, katika Yohane sura ya 21, alijitupa baharini kwa hiari yake ili amfikie Bwana pwani. Alikuwa mvuvi, amezoea maji tangu utoto. Siku ya dhoruba hofu ilimfanya kama mtu asiyeyajua kabisa. Watoto wetu wapenda sana kusikia hayo, kwa sababu yawaonyesha kwamba kuogopa si aibu ya wadogo peke yao.

Habari ya wasichana yataka kusemwa waziwazi. Wao ndio wanaoshinda majini kuliko kaka zao, kwa ndoo, kwa nguo, kwa mihogo. Na wao ndio wasiofundishwa, kwa sababu ya heshima. Heshima twaikubali. Katika Nungwi, kaskazini ya kisiwa cha Unguja, mahali penye Waislamu wengi wenye heshima zao, mradi uitwao Panje umewafundisha wasichana kuogelea, wamevaa mavazi marefu yanayofunika mwili wote. Mwaka 2016 Anna Boyiazis, mpiga picha wa Marekani, aliwapiga picha, na mwaka 2018 picha hizo zikapata tuzo ya World Press Photo. Moja yaonyesha mwalimu wa kike akimsaidia msichana kuelea. Hakuna shujaa wala mashindano. Kuna mtu aliyelala juu ya maji. Kwetu wasichana huwa na saa yao, mavazi yao, na kina mama wao wa kuwafundisha, nasi wanaume twakaa mbali.

Palikuwa na mama mmoja ambaye mwanawe mkubwa alifia katika shimo la zamani la dhahabu. Alipopata habari kwamba binti yake amekuja mtoni na wenzake, alifika mbio, kanga imefunguka, akamshika mtoto mkono. "Mwalimu," akatuambia, "maji yameshakula mmoja. Huyu siwapi." Tulimwambia, "Ndiyo, Mama," wala hatukuongeza neno, maana ni nani awezaye kubishana na mama wa namna hiyo? Akaondoka naye. Juma lililofuata alirudi peke yake, akakaa chini ya mti, akatazama. Siku ya tatu alimleta binti, akaomba amshike yeye mwenyewe.

Wale mama waliosimamia wakatusimulia baadaye. Binti alilala vema mikononi mwa wengine, lakini mikononi mwa mama yake alikuwa kama ubao, kwa sababu mikono ile ilikuwa ikitetemeka. Maneno ya mama yalisema "usiogope", mikono ikasema neno jingine, na mtoto akaisadiki mikono. Basi walimwacha binti kando, wakamshughulikia mama. Wakamketisha, wakampulizisha uji wa moto, wakamvumisha wimbo. Alilia sana majini pale, na hakuna aliyemharakisha. Mwaka ule binti alifikisha Salamu Maria nusu juu ya mkono wa mama yake. Mama hakuelea hata kidogo, lakini aliendelea kuja.

Hatutaki mtu afikiri kwamba kuelea kwatosha kwa kila hatari. Oktoba 3 mwaka 2024 mashua iliyotoka Minova ilipinduka katika ziwa Kivu karibu na Kituku, bandari ya Goma, watu wa ukingoni wakitazama. Mwaka 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka katika ziwa Victoria karibu kabisa na gati ya Ukara, na zaidi ya watu 220 walikufa. Chombo kilichojazwa kupita kiasi hakiponywi na ujuzi wa abiria; dawa yake ni kutokijaza. Shirika la Afya Duniani limekisia kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji katika mwaka 2021, karibu robo yao watoto wasiotimiza miaka 5, na kwamba Afrika ina kiwango kikubwa kuliko sehemu nyingine za dunia. Mtoto wa miaka miwili hatumtazamii aelee. Huyo yampasa mtu wa kumtazama, na shimo lililofukiwa. Umoja wa Mataifa umeweka Julai 25 iwe siku ya kukumbusha mambo hayo, nayo kwetu huangukia katikati ya likizo, watoto wote wakiwa nje.

Kwa hiyo pamoja na kuelea twawafundisha jambo jingine: asiruke mtu kumfuata mwenzake anayezama. Atapataye mkono wako kwa hofu atakuzamisha nawe. Tupa bidoni tupu iliyofungwa vizuri, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita dumu, au nyosha fito huku umelala kifudifudi ukingoni, nawe uite watu wazima. Katika Matendo ya Mitume sura ya 27 chombo cha Mtakatifu Paulo kilivunjika karibu na Malta, ndani yake watu 276. Wajuao kuogelea waliamriwa waruke kwanza, wengine wakafuata juu ya mbao na vipande vya chombo, na wote wakafika. Bidoni ndiyo ubao wetu.

Kwa wale watakaotaka kuanza katika parokia zao, haya machache juu ya mahali. Msiende Luama wala Lualaba kwenyewe, kwa ajili ya mamba na mkondo. Msiende mashimoni kamwe, hata yawe mazuri namna gani. Tafuteni kijito kinachotembea, chenye mchanga na mawe, kisicho na majani wala konokono, kwa sababu konokono wa maji yaliyotulia ndio wabebao kichocho. Na hata hapo muulizeni muuguzi wa kituo cha afya habari za dawa ya praziquantel kwa watoto. Epukeni kijito ambacho juu yake watu wanaosha dhahabu kwa zebaki. Asubuhi mapema maji ya kiangazi ni baridi, na mwili wenye baridi haulegei hata ungeimbiwa. Ngojeni jua lipande. Mtu mzima mmoja asimame upande wa chini wa mkondo, asifundishe, asizungumze, kazi yake iwe kutazama tu. Mwingine awahesabu watoto wanapoingia, awahesabu tena kila baada ya mchezo, na asimruhusu mtu kuvaa nguo mpaka hesabu imetimia.